Shajara ya mradi: saa 2000 za intanishipu ya saikolojia ya mahakamani, nikiwa Mtwara

15 Januari 2024: tunaanza

Naanza kuandika leo kwa sababu nilipotafuta mtu aliyeshafanya hii kitu huku kwetu nimuige sikumpata, sasa atakayekuja nyuma yangu akute pa kuanzia. Mimi ni mwanasaikolojia tiba, nafanya kazi hospitali hapa Mtwara, niko kwenye masomo ya PhD, na ninachotaka kubobea ni saikolojia ya mahakamani, yaani kumpima mtu mwenye kesi: akili yake ikoje sasa hivi, anaweza kujitetea, na siku ya tukio alikuwa kwenye hali gani.

Marekani huwezi kumaliza udaktari wa saikolojia tiba bila mwaka wa intanishipu, yaani mafunzo ya kazi chini ya msimamizi. Dada mmoja Mtanzania mwenzetu amepita huko, akanieleza vizuri: unaomba vituo kadhaa, unahojiwa, alafu wewe unapanga orodha yako ya vituo na vituo vinapanga orodha yao ya watu, kompyuta inawaoanisha na majibu yanatoka Februari. Wanaotaka mambo ya mahakama wengine wanaenda kwenye magereza ya serikali kuu, wengine kwenye hospitali za wagonjwa waliopelekwa na mahakama. Saa ni kama 2000, mwaka mmoja ukifanya kutwa nzima au miaka miwili ukifanya nusu, kila wiki usimamizi usiopungua saa 4 na kati ya hizo 2 uko peke yako na msimamizi, na angalau robo ya muda wako uwe umekaa na watu uso kwa uso sio kusoma makaratasi.

Kwetu njia ni nyingine. Mtu akionekana hana akili timamu au akijitetea kwamba siku ile hakuwa timamu, mahakama inaagiza apelekwe hospitali ya afya ya akili, na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, kifungu cha 220, inataka mkuu wa hospitali apeleke ripoti ndani ya siku 42. Kwa vitendo ni Isanga, Dodoma, kituo kilicho chini ya hospitali ya akili ya Mirembe, na kutoka Mtwara kupitia Dar ni kama kilomita 1,000. Kwa hiyo mimi sisaini ripoti ya mahakama na wala sitakiwi kusaini. Ninachofanya ni mafunzo: nahudumia mahabusu kisaikolojia, nafanya tathmini za mazoezi kwa wanaokubali, naandika ripoti za mazoezi, zinaenda kwa msimamizi zinarudi na wino mwekundu.

Wasimamizi wangu ni wawili. Daktari bingwa wa akili yuko Dodoma, tunaongea Jumatano, na huyo dada yuko Marekani, tunaongea saa 3 usiku ya kwetu ambayo kwake ni mchana. Tumekubaliana nifuate mpangilio ule wa Marekani, miaka miwili ya nusu muda, saa 20 kwa wiki, saa 500 kati ya hizo 2000 ziwe na watu.

Kitu kimoja kabla sijaenda mbali, humu ndani kila habari ya mtu nimeibadilisha, umri, kosa, kijiji, na zingine nimeunganisha watu wawili kuwa mmoja. Usijaribu kumtafuta mtu humu.

2 Aprili 2024: kibali

Wiki 11. Ndo muda niliosubiri kibali cha kuingia gerezani na sikupata hata saa moja ya maana ndani ya hizo wiki. Kosa langu lilikuwa barua. Niliandika barua moja ndefu nikaeleza kila kitu, utafiti, mafunzo, huduma, yote humo humo, na ofisi ya kwanza ikaona ni utafiti ikanipeleka kwenye kibali cha utafiti, huko wakaona ni huduma wakanirudisha, nikazunguka hivyo mpaka nikapanda basi kwenda Dar mwenyewe. Mzee mmoja pale mapokezi, Mungu ambariki, aliisoma barua yangu mpaka mwisho akaniambia, "Binti yangu, kata hii barua mara mbili. Ya huduma peke yake, ya mafunzo peke yake. Ya utafiti usiandike mpaka uwe na utafiti." Nikakata. Siku 9 baadae nikajibiwa.

Gharama: nauli 38,000 kwenda na 38,000 kurudi, kulala siku tatu 90,000, fotokopi na kubaindi 27,000. Jumla 193,000.

Vipimo vya kununua nimeviacha. Kuna vipimo vizuri sana vya uwezo wa kujitetea na vya kujua kama mtu anajifanya mgonjwa, ila bei ya kimoja na usafirishaji wake inazidi mshahara wangu wa mwezi, na hata ningekipata hakijapimwa kwa watu wa huku, namba zake zimetoka kwa watu wengine kabisa. Natumia mahojiano yenye mpangilio, na PHQ-9, dodoso fupi la kupima sonona, kwa sababu hiyo ni bure.

18 Mei 2024: barabara, na onyo la kwanza

Nilikuwa niende Dodoma wiki mbili kuanzia tarehe 6. Hamjasahau nyie wa kusini, mnajua kilichotokea, kimbunga Hidaya na mvua zake, barabara ya Lindi kwenda Dar ikakatika huko Somanga, magari yakakwama pande zote mbili. Nauli nimerudishiwa, chumba Dodoma nilishalipia 50,000 haikurudi. Safari imesogea mpaka Agosti.

Sasa jambo kubwa. Kabla hujamuuliza mtu chochote kwenye kazi hii lazima umwambie wewe ni nani, unamfanyia kazi nani, na anachosema kitaenda wapi. Kwenye tiba ya kawaida mgonjwa anajua anachoongea kinabaki kwako. Huku sivyo, na usipomwambia umemdanganya hata kama hujatamka uongo. Mimi nilichukua onyo la Kimarekani nikaligeuza Kiswahili, likawa hivi:

"Mahojiano haya si ya siri. Taarifa utakazotoa zinaweza kuwasilishwa mahakamani na zinaweza kutumika kwa faida yako au dhidi yako. Ushiriki wako ni wa hiari."

Nikamsomea mzee mmoja, miaka sitini na kitu, tuko kwenye chumba kidogo wanachotumia mawakili, meza moja na benchi, mlango wazi. Nilimpa shikamoo akaitika marahaba mwanangu. Nikasoma. Akawa anaitikia ndiyo, ndiyo, kila nukta ndiyo. Tukaongea saa moja na nusu, akanieleza mambo ya ndani sana ya nyumba yake, na mengine nilijua kabisa wakili wake asingependa ayaseme. Nilipofunga daftari akanyoosha mkono wa kushoto akakunja na shati mpaka kwenye kiwiko, akasema, "Haya mwanangu, pima presha. Na dawa nitachukua hapa au wataniletea?"

Aliniona daktari. Muda wote ule alikuwa anaongea na daktari wake.

Sikulala vizuri ile siku. Nikampigia dada saa 3 usiku, nikamsomea na maneno ya onyo, akanyamaza kidogo akaniuliza, "Mdogo wangu, hiyo ripoti yako inaenda mahakamani?" Nikamwambia hapana inaenda kwa Daktari Dodoma. "Sasa mbona unawaambia inaenda mahakamani?" Yaani nilikuwa nimekariri sentensi ya watu wengine mpaka nikawa nawaambia mahabusu kitu ambacho sio kweli. Kwa hiyo onyo lilikuwa na makosa mawili, halieleweki, na likieleweka ni la uongo.

Nilichofanya: nimerudi kwa mzee, nimemweleza upya, nimemuuliza kama anataka nichane karatasi za siku ile, akasema chana, nimechana mbele yake. Saa mbili za daftari zimefutika na ni sawa kabisa. Presha nilimwombea kwa mganga wa gereza akapimwa.

Toleo la pili limeanza hivi: "Mimi sio daktari wa kutoa dawa. Ni mwanasaikolojia, bado najifunza kazi ya mambo ya kesi."

Saa mpaka leo: 96.

29 Juni 2024: kofia mbili, na mkalimani

Mwezi mbaya huu.

La kwanza. Kuna kijana nilikuwa namwona tangu Aprili kwa huduma ya kawaida, halali usingizi, ana mawazo mengi, tunaongea kila wiki, anaendelea vizuri. Juni nikapungukiwa watu wa tathmini ya mazoezi, nikamwomba yeye. Akakubali haraka sana, na hapo nilitakiwa nishtuke, kwa sababu alikubali kwa kuwa ananiamini na imani hiyo niliijenga kwa kazi nyingine. Katikati ya mahojiano nikamuuliza kuhusu siku ya tukio akanitazama akasema, "Lakini hilo nilishakwambia wewe, mwezi wa nne, ukasema linabaki hapa."

Nilisimamisha palepale. Miongozo ya chama cha wanasaikolojia wa Marekani kuhusu kazi za mahakamani, ya 2013, inalisema hili wazi, anayetibu na anayepima ikiwezekana wasiwe mtu mmoja kwa mtu yule yule, na nilikuwa nimeisoma. Nimeisoma na nimeipigia mstari. Ila ukiwa mwanasaikolojia mmoja gereza zima ndo unaona ilivyo ngumu, nikimkataa kwenye tiba hana mwingine, na nikimkataa kwenye tathmini sijifunzi.

Marekebisho: daftari mbili, la bluu la tiba na jekundu la tathmini. Jina likishaingia la bluu haliingii jekundu kamwe, hata akiomba mwenyewe. Kabla ya kuita mtu naangalia kwanza yote mawili. Nimepoteza watu wanne wa tathmini kwa sheria hiyo na siijutii.

La pili. Wazee wa vijijini Newala na Tandahimba wengine Kiswahili wanaongea cha sokoni na msikitini, ukienda kwenye mambo ya moyoni anarudi kwenye Kimakonde. Mara ya kwanza sikuwa na mkalimani, askari akaniitia mahabusu mwenzie atafsiri. Nikakubali kwa sababu siku ilikuwa inaenda. Mzee anaongea dakika nzima, kijana ananiambia, "Anasema hakumbuki." Nikarudia swali, mzee akaongea tena kwa kirefu, safari hii akaonesha na mikono, kitu kama kupanda na kuanguka, "Anasema hakumbuki." Na jioni wale wawili wanarudi kulala chumba kimoja, huyu anajua siri ya yule.

Hiyo haitarudiwa. Nimempata Mama mmoja, muuguzi mstaafu, mzaliwa wa Newala, nampa 20,000 kwa siku. Tulikaa mara mbili kufanya mazoezi kabla hajaingia. Vitu nilivyomwomba ni hivi: aseme "mimi" pale mtu anaposema "mimi", sio "anasema eti yeye". Asifupishe. Kama neno halina mfano aseme halina, tulizungumze. Na mtu akijibu kitu ambacho hakiunganiki na swali asikinyooshe, hili ndo lilimsumbua zaidi, kwa sababu muuguzi miaka thelathini amezoea kumsaidia mgonjwa aeleweke, akawa ananyoosha kwa upendo tu. Nikamwambia, Mama, kule kutounganika ndiko ninakotafuta mimi. Akaelewa. Siku ya kwanza ya kazi alinitafsiria sentensi iliyovurugika vilevile ilivyo, alafu akageuka akaniambia kwa sauti yake, "Hivyo hivyo ndivyo alivyosema, sijagusa."

Na lile la mlango kuwa wazi, askari akasikia tunachoongea: nimeongea na mkuu wa zamu, askari sasa anakaa kwenye kiti upande wa pili wa uwanja, anatuona ila hasikii. Ilichukua mazungumzo ya dakika kumi. Ningeomba tangu Aprili.

24 Agosti 2024: Dodoma

Nimerudi jana. Wiki mbili za kukaa pembeni ya Daktari, kuangalia na kusikiliza. Basi mpaka Dar 38,000, na treni mpya ya SGR Dar mpaka Dodoma 31,000, kwenda na kurudi jumla 138,000. Kulala siku 14 kwa 25,000 ni 350,000. Chakula 168,000. Yote 656,000. Ni hela nyingi, ila ukiniuliza kitu gani usikate kwenye bajeti ya mafunzo haya nitakwambia hiki.

Sitaandika nilichokiona kwa wagonjwa. Naandika alichokiona Daktari kwenye ripoti zangu tano nilizobeba.

Kosa la kwanza kwenye ripoti zote tano: urefu. Moja ilikuwa kurasa 14. Historia ya utotoni kurasa tatu, matokeo ya vipimo kurasa mbili, jibu la swali la mahakama liko ukurasa wa 13, aya ya mwisho. Akaniambia mahakama imeuliza swali moja, mbona nimejibu maswali ishirini ambayo haikuuliza, na katika hayo ishirini mengine yanaweza kumuumiza mtu kwenye kesi bila sababu yoyote. Hilo la pili sikuwahi kuliwaza. Kumbe kuandika kupita kiasi sio tu kumchosha hakimu.

Kosa la pili ni zito zaidi. Kwenye ripoti mbili niliandika, kwa maneno yangu mwenyewe, "Alikuwa na dalili za ugonjwa wakati wa tukio na kwa hiyo hana uwezo wa kujitetea." Daktari alizungushia "kwa hiyo" mduara. Hayo ni maswali mawili tofauti kabisa. La kujitetea ni la SASA: leo hii anaelewa mashtaka, anafuatilia kinachoendelea, anaweza kumwelekeza wakili wake? Marekani wanatumia kipimo cha kesi ya Dusky ya 1960 ambacho nacho kinauliza uwezo wa sasa. La wendawazimu ni la SIKU ILE. Mtu anaweza akawa hoi siku ya tukio na leo ametulia ana uwezo wote, na mwingine siku ile alikuwa mzima kabisa, ugonjwa umemkutia mahabusu. Nimechora mstari katikati ya ukurasa wa daftari jekundu, kushoto SASA kulia SIKU ILE, na kila jambo ninaloandika lazima lichague upande.

Kosa la tatu ndo lililoniuma. Nilijifunza haya mambo kwa vitabu vya nje, na kule msingi ni kanuni ya Uingereza ya 1843, ya M'Naghten, je alijua anachofanya, je alijua ni kosa. Serikali kuu ya Marekani kwa sheria ya 1984 iliondoa kabisa habari ya mtu kushindwa kujizuia. Mimi nikawa nahoji hivyo hivyo, alielewa? alijua haitakiwi? basi nafunga. Sasa fungua Kanuni za Adhabu za kwetu, Sura ya 16, kifungu cha 13. Kipo na kipengele cha tatu: kwamba kwa sababu ya ugonjwa wa akili hakuwa na uwezo wa kulidhibiti tendo lake. Kwenye sheria yetu kipo! Watu watano nimewahoji bila kuwauliza chochote kuhusu hicho, na kama zile zingekuwa ripoti za kweli ningemnyima mtu theluthi ya kinga yake kwa sababu nilisoma sheria ya nchi nyingine nikaona nimesoma sheria. Anayetaka kuiga kazi hii, nakuomba, anza na Sura ya 16 na Sura ya 20, vifungu vyenyewe, kwa macho yako, alafu ndo ufungue vitabu vya saikolojia.

Ripoti ya mfano tuliyoiandika pamoja ina kurasa 4. Swali la mahakama juu kabisa. Jibu. Chini ya jibu, kwa nini, na kila "kwa nini" imeandikwa imetoka wapi, alisema mwenyewe, alisema ndugu, niliona mwenyewe. Ana hatia au hana hatuandiki, hilo ni la jaji.

Saa: 371.

9 Novemba 2024: sauti

Msimu wa korosho, Mama yuko shambani Newala, wiki 5 sina mkalimani. Simlaumu hata kidogo, korosho haisubiri. Anayepanga ratiba huku kusini ajue Oktoba na Novemba watu wako mashambani na minadani, ndugu wa kuhojiwa nao huwapati. Mimi sikulijua hilo wakati napanga, yaani nalijua, ila sikuliweka kwenye karatasi.

Kosa la mwezi huu nalieleza kwa kirefu kwa sababu nadhani wengi tunalifanya. Swali la kawaida: "Huwa unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii?" Kijana mmoja akajibu bila kusita, "Nazisikia, kila alfajiri." Nikaandika, anasikia sauti. Jumatano Daktari akauliza kwa simu, sauti inasemaje? Sijui. Ya mwanaume ya mwanamke? Sijui. Inatokea ndani ya kichwa au nje? Sijauliza. Akasema rudi.

Nikarudi. Sauti ni ya mwanaume, inatoka nje, upande wa barabarani, inaita watu kuswali. Ni adhana. Wenzie wote chumbani wamelala, yeye peke yake ndo anaamka nayo tangu alipofika, na swali langu alilielewa vizuri kabisa: ni sauti ambayo wengine hawaisikii. Alijibu kweli tupu. Mimi ndo nilikuwa nakaribia kumpa ugonjwa.

Na kinyume chake kikatokea wiki hiyo hiyo. Mtu mwingine alijibu hapana, hasikii sauti yoyote, nikapita. Mwisho kabisa tukiwa tunaagana anasema usiku huwa hawezi kulala mapema kwa sababu wageni wanakuja kumsemesha na lazima wasikilizwe mpaka wamalize. Wageni wake hakuwahesabu kama "sauti", kwake hao ni watu wake wa siku zote, wa ukoo. Hapa pwani ya kusini mtu kuzungumza habari za majini na mizimu peke yake sio dalili, nusu ya mtaa wangu wangekuwa wagonjwa, kwa hiyo nikamtafuta dada yake. Nikamuuliza swali moja tu la maana: "Haya ya kaka yako, kwenu ni ya kawaida?" Akasema hapana, kwetu wageni wanakuja kwa ngoma na wanaondoka, hawa wa kaka hawaondoki, na tangu mwaka juzi ameacha kuoga.

Sasa siulizi kwa ndiyo na hapana. Nasema, "Niambie usiku wako unakuwaje, tangu mnafungiwa mpaka asubuhi." Alafu: nani, anasema nini, anatokea wapi, ukimwambia anyamaze inakuwaje. Na ndugu lazima. PHQ-9 nayo sisomi tena maswali tisa mfululizo, mtu akisema "nina mawazo" namwacha aeleze mawazo gani, kwa sababu neno hilo linabeba sonona, deni, na mke aliyeacha kuja kumtembelea, vyote pamoja.

Mkalimani mpaka sasa siku 6: 120,000. Saa: 552.

22 Machi 2025: Ramadhani, na toleo la nne

Kosa jipya kwanza, fupi. Kuna zoezi la umakini, unamtajia mtu tarakimu anarudia, alafu anarudia kinyumenyume. Wiki ya kwanza ya Machi watu watatu mfululizo wamefanya vibaya sana, hata tarakimu tatu kinyume zinawashinda. Nikaanza kuandika mambo ya ubongo. Alafu nikatazama muda: saa 8 mchana, Mtwara, joto la Machi, wote watatu wamefunga. Nimewarudia saa 2 asubuhi, wawili wako sawa kabisa. Wa tatu bado, na huyo ndo nimempeleka kwa Daktari. Tangu siku hiyo kila ukurasa unaandikwa saa, amekula, amelala.

Sasa onyo. Toleo la pili lilikuwa la kweli ila lilimalizika na "Umeelewa?" na hakuna mtu amevaa nguo za mahabusu anayemwambia mtu wa ofisi "sijaelewa". Toleo la tatu nikaomba mtu aniambie kwa maneno yake, na hapo wakawa wananirudishia maneno yangu kama shairi la shule, mmoja alikariri mpaka pumzi zangu. Na neno "hiari" halikufanya kazi hata siku moja. Nilimuuliza mtu hiari ni nini akasema, "Ni pale askari anapokuita unaenda bila kusukumwa."

Toleo la nne linatumia maswali ya tukio badala ya umeelewa. Limeshafanya kazi kwa watu 11. Nalibandika lote, chukua, badilisha kulingana na kwako, ila kila sentensi iwe kweli kwako:

"Jina langu ni fulani. Sio daktari wa dawa, sitakupa dawa leo. Sio wakili wako, sio polisi, sio wa mahakama. Ni mwanasaikolojia, najifunza kazi ya kupima akili za watu wenye kesi. Utakachoniambia nakiandika. Karatasi inaenda kwa daktari anayenifundisha, Dodoma. Mahakama ikiamuru ipewe, itapewa, na mimi sitaweza kuizuia. Kwa hiyo kitu ambacho hutaki kisomwe na mtu, usiniambie. Ukitaka kuondoka sasa hivi simama tu, nitamwambia askari tumemaliza, sitamwambia kwamba umekataa, na hakuna kitakachobadilika kwenye kesi yako wala chakula chako.

Sasa nikuulize. Ukiniambia kitu alafu ukasema 'hiki usimwambie mtu', mimi nitafanyaje? Ukisimama ukaondoka, nani atakuadhibu? Ukiumwa kichwa kesho, utaniambia mimi au utamwambia nani?"

Hilo swali la mwisho limetoka kwa yule mzee wa presha. Jibu likiwa "nitakwambia wewe", tunarudi mwanzo. Na katikati ya mahojiano, mtu akianza kulegea na kufunguka, nasimama narudia sentensi moja, "Kumbuka naandika." Inakata mazungumzo, ndiyo, mara mbili mtu alinyamaza pale pale na sikupata nilichokuwa nakaribia kukipata.

Jumanne mtu wa kumi na mbili alisikiliza mpaka mwisho, nikamuuliza nitafanyaje akiniambia siri, akasema, "Utaiandika." Nani atakuadhibu ukiondoka? Akatazama nje kwa yule askari kwenye kiti, akanitazama, akasimama. Akasubiri kidogo kuona. Nikafunga daftari jekundu, nikamwita askari nikamwambia tumemaliza. Akaenda zake. Dakika 14, nimeziandika kwenye saa za uso kwa uso.

Hesabu tangu Januari mwaka jana: kibali 193,000, chumba kilichopotea Mei 50,000, Dodoma 656,000, bando la usimamizi 20,000 kwa miezi 14 ni 280,000, mkalimani siku 9 ni 180,000. Jumla 1,359,000. Saa 874, ningetakiwa niwe nimepita 1,200. Uso kwa uso 203. Daktari amekubali nisogeze mwisho kutoka Desemba 2025 kwa miezi minane, na safari ya pili ya Dodoma nimeiweka Julai, kabla Mama hajarudi shambani.